Kutoka Hiroshima hadi Dodoma: safari ndefu ya uloto

Kuna miaka miwili nataka uishike kichwani kabla hatujafika mbali: 1984 na 2023.

Mwaka 1984 madaktari wa Hospitali ya St. Jude, mjini Memphis, Marekani, waliandika katika jarida la kitabibu kwamba binti wa miaka minane aliyezaliwa na selimundu hakuwa nayo tena. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikatangaza kwamba watoto wa Kitanzania wenye ugonjwa huo huo wamepata tiba ile ile, hapa hapa nchini. Katikati ni miaka 39. Mtoto aliyezaliwa na selimundu Musoma au Temeke mwaka ule wa Memphis, kama alibahatika kuvuka utoto, alikuwa mtu mzima anayekaribia arobaini siku habari za Dodoma zinasomwa redioni. Wengi wa rika lake hawakuvuka.

Nimekuwa nikisoma mambo haya usiku usiku kwa wiki kadhaa, na kila nikifunua ukurasa mmoja nakutana na jambo lingine ambalo hakuna aliyenifundisha shuleni. Leo nawamwagia. Ni ndefu, kwa hiyo tafuta chai kabisa.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo watu wanapotezana. Ndani ya mifupa yako, hasa ya nyonga, kifua na uti wa mgongo, kuna kitu laini kinaitwa uloto. Wengine wanasema uboho. Wewe unayefyonza mfupa wa supu asubuhi unaujua vizuri sana. Humo ndimo kilimo kiwanda cha damu, na kinafanya kazi bila likizo: uloto wa mtu mzima unatengeneza chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kwa siku moja. Kazi yote hiyo inaanzia kwa chembe chache ziitwazo seli shina. Seli shina ina uwezo wa kujizalisha yenyewe, na pia wa kuzaa kila aina ya chembe ya damu, yaani nyekundu zinazobeba oksijeni, nyeupe zinazopigana na maradhi, na zile sahani zinazozuia damu isiendelee kutoka ukijikata.

Sasa kiwanda hicho kinaweza kuharibika kwa namna nyingi. Kinaweza kuanza kutoa chembe nyeupe za hovyo bila breki, hiyo ni leukemia. Kinaweza kusimama kabisa, mtu akabaki hana damu wala kinga. Mtoto anaweza kuzaliwa na kiwanda kisichojua kutengeneza askari wa kinga, hata mafua ya kawaida yakamuua. Kinaweza kutengeneza chembe nyekundu dhaifu, kama kwenye thalasemia, ugonjwa unaowatesa sana watu wa Mediterania, Asia ya Kusini na Ghuba. Au kinatengeneza chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu, na hiyo ndiyo selimundu yetu, ambayo wengi mitaani tunaiita sikoseli. Magonjwa haya yote yana jibu moja linalofanana: vunja kiwanda kibovu, jenga kingine kwa seli shina za mtu mwenye kiwanda kizima. Kuna na kundi jingine, kama mayeloma na saratani za tezi, ambapo mgonjwa hurudishiwa seli shina ZAKE MWENYEWE zilizovunwa mapema, ili madaktari wapate nafasi ya kumpiga dawa kali kuliko ambavyo uloto wake ungestahimili.

Ukisema hivyo inaonekana rahisi. Iligharimu maisha ya watu wengi kuifikia.

Lakini kwanza selimundu yenyewe. Iliingia kwenye vitabu vya Wazungu kwa mlango wa Chicago. Desemba 1904 kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa anasomea udaktari wa meno, alilazwa hospitalini akikohoa na akiwa na upungufu wa damu. Daktari mdogo wa zamu, Ernest Irons, akaweka tone la damu yake chini ya darubini na kuona chembe zenye umbo la ajabu, ndefu, zilizopinda. Bosi wake, James Herrick, akaandika makala mwaka 1910, na jina la Herrick ndilo linalokumbukwa. Noel alimaliza masomo, akarudi Grenada kung'oa watu meno, akafa mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Kwa hiyo maandishi yanasema ugonjwa "uligunduliwa" mwaka 1910. Bibi zetu waliokuwa wakiwazika watoto wenye maumivu ya viungo na macho ya manjano kwa maelfu ya miaka hawakuwa na jarida la kuandikia.

Halafu kuna Anthony Allison. Huyu bwana alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya, na mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alirudi Kenya na msafara wa kisayansi akikusanya sampuli za damu. Akagundua jambo la ajabu: karibu na Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa na kinasaba cha selimundu. Ukipanda nyanda za juu, hakuna kitu, chini ya asilimia moja. Kijana akajiuliza, Pwani na Ziwa vina nini ambacho milima haina? Wewe uliyelala bila neti Tanga unajua jibu. MBU. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu, yule tunayemwita mbebaji, analindwa dhidi ya malaria. Mwenye viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, ndiye anayeugua. Yaani malaria ndiyo iliyotuachia kinasaba hiki, kikawa kinga kwa mtoto mmoja na mateso kwa nduguye. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zilionyesha kinga hiyo dhidi ya malaria kali inafika kama asilimia 90. Kinasaba hicho hicho kilivuka bahari na watu wetu, wengi wao bila hiari, hadi Oman, na ndiyo maana Muscat nako wanakijua vizuri.

Mwaka ule ule wa 1949 Linus Pauling na wenzake kule California walionyesha kwamba tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe, kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni. Ikawa ni mara ya kwanza ugonjwa kuelezwa kama kosa la molekuli moja. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1950 dunia ilijua selimundu inatoka wapi, inarithiwaje, na kosa liko wapi. Tiba hapakuwa na hata dalili yake, na wala hakuna aliyeitafuta kwa bidii. Ilikuwa inapikwa mahali pengine kabisa.

Ilikuwa inapikwa kwenye mabomu.

Agosti 1945 Marekani iliangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki. Wapo waliokufa papo hapo kwa moto na kishindo. Lakini wapo walionusurika wakionekana wazima, halafu baada ya siku na wiki wakaanza kutoka damu puani, madoa kwenye ngozi, homa, wakafa. Mionzi ilikuwa imeua uloto wao. Wakubwa wa Vita Baridi wakaogopa: na sisi tukipigwa je? Fedha zikamwagwa kutafuta dawa ya mionzi. Huko Chicago, Leon Jacobson, daktari aliyekuwa akiwahudumia wafanyakazi wa mradi wa bomu, aliwapiga panya mionzi ya kuua huku bandama zao zimefunikwa kwa risasi, namaanisha yale madini mazito. Panya wakaishi. Hiyo ilikuwa 1949. Muda mfupi baadaye wengine wakaonyesha kwamba hata ukimdunga panya uloto wa mwenzake baada ya mionzi, anapona. Mabishano yakadumu miaka: ni kemikali fulani ndani ya uloto inayoponya, au ni chembe zenyewe zinazohamia na kuota? Mwaka 1956 watafiti wa Harwell, Uingereza, wakachungulia kromosomu za panya waliopona na kukuta damu yao ni ya mchangiaji. Chembe zilikuwa zimehama nyumba.

Mtihani mmoja kwa binadamu ukaja kwa ajali. Tarehe 15 Oktoba 1958 watu sita walipigwa na mionzi kwenye mtambo wa nyuklia wa Vinča, Yugoslavia. Wakakimbizwa Paris kwa daktari Georges Mathé. Watano kati yao walipewa uloto wa Wafaransa waliojitolea, watu wasiokuwa na undugu nao wowote. Wanne kati ya hao watano waliishi. Wataalamu bado wanabishana kama uloto ule ndio uliowaokoa au miili yao ilijitutumua yenyewe, lakini nawafikiria wale Wafaransa. Unaitwa hospitali, unaambiwa tutakuchoma sindano kwenye mifupa, hakuna anayejua itasaidia kitu au la, ni kwa ajili ya mtu usiyemjua kutoka nchi ya kikomunisti. Ukakubali!

Marekani nako kulikuwa na mtu mkaidi anaitwa E. Donnall Thomas. Mwaka 1957 alichapisha habari za wagonjwa sita aliowatia uloto wa watu wengine. Hakuna aliyeishi zaidi ya siku mia moja. Mwaka 1959 akajaribu kwa wagonjwa wa leukemia waliokuwa na pacha wa kufanana, uloto ukashika vizuri, lakini saratani ikarudi baada ya miezi michache. Huko duniani wengine nao wakajaribu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wapatao 200 walikuwa wamepandikizwa uloto, na karibu wote walikuwa wamekufa. Kwa wengine uloto haukushika. Kwa wengine ulishika halafu ukageuka: chembe nyeupe za mchangiaji zikaamka ndani ya mwili mgeni, zikatazama huku na huku, zikasema hapa siyo kwetu, zikaanza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa. Kwenye figo, mwili ndio unaokikataa kiungo. Kwenye uloto, kiungo kinaweza kuukataa mwili! Watafiti wengi wakafunga mafaili na kutafuta kazi nyingine za kufanya.

Thomas alirudi kwa mbwa. Mkewe, Dottie, aliyekuwa bega kwa bega naye maabara na ofisini, huitwa mama wa upandikizaji uloto, ingawa Nobel ya 1990 iliandikwa jina la mume pamoja na Joseph Murray wa figo. (Tuliache hilo, nitalirudia siku nyingine nikiwa na hasira ya kutosha.) Miaka na miaka ya mbwa iliwafundisha mambo mawili: kuna dawa zinazoweza kuzituliza zile chembe za kigeni, na kulinganisha mchangiaji na mgonjwa ndio kila kitu. Kule Toronto, kati ya 1960 na 1961, James Till na Ernest McCulloch walikuwa wamekwishaonyesha, kwa kuhesabu vivimbe kwenye bandama za panya, kwamba kweli kuna chembe moja inayoweza kuzaa ukoo mzima wa damu. Ndipo seli shina zilipopata ushahidi wa kuonekana kwa macho.

Kuhusu kulinganisha, shukrani ziende kwa Jean Dausset wa Paris, aliyeanza mwaka 1958 kuzitambua alama ambazo kila chembe ya mwili wako imevaa kama kitambulisho. Alama hizi, HLA, unarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo uwezekano wa ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja kuvaa kitambulisho sawa na chako ni mmoja katika wanne. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji.

Mwaka 1968 mlango ukafunguka. Robert Good wa Minnesota alimpandikiza mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa bila kinga ya mwili, akatumia uloto wa dada yake aliyelingana naye. Mtoto akapona. Halafu Seattle, timu ya Thomas ikawapokea wagonjwa wa leukemia walioshindikana kabisa, watu ambao hospitali nyingine zilishawaaga. Ripoti yao ya 1977 ilihusu wagonjwa 100. Kumi na watatu walikuwa hai bila saratani. Leo ukisema 13 kwa 100 watu wanaguna. Wakati ule ilikuwa habari ya kupiga kengele, maana kabla yake ilikuwa sifuri.

Sasa turudi Memphis.

Yule binti alikuwa na selimundu, lakini siyo iliyompeleka kwenye chumba cha upandikizaji. Alikuwa amepata pia leukemia. Madaktari wakampandikiza uloto wa mdogo wake wa kiume, aliyelingana naye, KWA AJILI YA LEUKEMIA. Selimundu ikaondoka nayo, kama mpangaji anayetolewa pamoja na nyumba inayobomolewa. Na kuna kitu kidogo kwenye ripoti ile ya 1984 ambacho kwetu ni kikubwa: mdogo wake alikuwa mbebaji. Alikuwa na kinasaba kimoja cha selimundu. Haikudhuru. Maana yake mchangiaji halazimiki kuwa msafi kabisa, anatakiwa tu asiwe mgonjwa.

Hebu tafakari kidogo. Ugonjwa unaojulikana tangu 1910, wenye wagonjwa mamilioni, tiba yake ilipatikana kwa sababu mtoto mmoja alipata bahati mbaya mara mbili. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuijaribu kwa selimundu peke yake.

Na sababu ya kutothubutu siyo ya kijinga, tuwe wa haki. Leukemia inaua haraka, kwa hiyo mtu anakubali hatari yoyote. Selimundu inatesa, inaua polepole, na kule Marekani mtoto mwenye selimundu alikuwa na matumaini ya kufika utu uzima. Utampelekaje mtoto anayecheza uani leo kwenye tiba inayoweza kumuua mwezi ujao? Kabla ya kupewa uloto mpya lazima ule wa zamani uunguzwe kwa dawa kali au mionzi. Mtoto anakaa wiki kadhaa hana kinga yoyote, nywele zinatoka, mdomo unajaa vidonda, na mara nyingi uwezo wake wa kuzaa baadaye unaharibika. Mwaka 1991 watafiti wa Chicago waliwauliza wazazi 67 wenye watoto wa selimundu kama wangekubali hatari ya kifo ili mtoto apone kabisa. Zaidi ya nusu walisema wangekubali kiasi fulani. Karibu wengine nusu walisema hapana. Siwezi kumlaumu yeyote kati ya hao.

Waliothubutu kwanza kwa makusudi walikuwa Wabelgiji, na hapa naomba usome taratibu. Brussels kulikuwa na familia za Kiafrika zenye watoto wa selimundu, na baadhi ya familia hizo zilikuwa zinajiandaa kurudi nyumbani Afrika. Christiane Vermylen na wenzake wakapiga hesabu: mtoto huyu akibaki Ulaya anaweza kuendelea na matibabu, lakini akirudi Afrika na ugonjwa wake, uwezekano wa kufa ni mkubwa kuliko hatari ya upandikizaji. Basi tumponyeshe kabla hajapanda ndege. Mwaka 1988 wakatoa ripoti ya watoto watano. Yaani hatari ya kurudi kwetu ndiyo iliyohalalisha tiba. Sijui kama niwashukuru Wabelgiji au nikae chini nilie. Makadirio ya kitaalamu yamesema kwamba katika mazingira yasiyo na huduma, kati ya nusu na asilimia 90 ya watoto wa Kiafrika wenye selimundu walikufa kabla ya miaka mitano, kwa hiyo hesabu yao haikuwa ya dharau. Ilikuwa sahihi, na ndiyo maana inauma.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio, huko kwao. Ripoti ya 1996 kutoka vituo kadhaa ilihusu watoto 22, na 20 walikuwa hai. Mwaka 2009 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ikatoa habari za watu wazima kumi waliopandikizwa kwa njia laini zaidi, isiyounguza kila kitu, na kwa tisa kati yao uloto ulishika vizuri.

Na wasio na ndugu anayelingana? Uingereza mama mmoja, Shirley Nolan, alianzisha daftari la wachangiaji mwaka 1974 akimtafutia mwanawe Anthony mtu wa kulingana naye. Mtoto alifariki mwaka 1979 bila kumpata, lakini daftari lilibaki, na leo madaftari ya dunia kwa pamoja yana watu zaidi ya milioni 40. Ukiwa Mzungu wa Marekani mwenye asili ya Ulaya, uwezekano wa kukuta humo mtu unayelingana naye barabara ni kama asilimia 75, kwa utafiti wa 2014. Ukiwa na asili ya Afrika, ni chini ya 20. Sababu ya kwanza ni kwamba wetu walioandikishwa ni wachache. Ya pili ni kwamba Afrika ndiko binadamu wameishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo alama zetu zina aina nyingi mno, kumpata anayefanana nawe ni kazi.

Wasomaji wangu wataniuliza kuhusu Ukimwi, maana najua mnavyojua kuuliza. Ndiyo, Timothy Ray Brown, "mgonjwa wa Berlin", alipandikizwa mwaka 2007 kwa sababu ya leukemia, daktari wake Gero Hütter akamchagulia mchangiaji mwenye hitilafu ya kinasaba inayozuia virusi kuingia kwenye chembe, na HIV haikurudi mpaka alipofariki mwaka 2020 kwa leukemia iliyojirudia. Wachache wengine wamefuata njia hiyo. Lakini hitilafu ile ni ya Wazungu wa kaskazini, kwa Waafrika karibu haipo kabisa, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayeunguza uloto wa mtu anayeishi vizuri kwa vidonge vya ARV.

Na wakati niko hapo hapo: kuna watu wanapita maofisini na kwenye makundi ya simu wakiuza vipakiti vya unga wanavyoviita "stem cell", eti vinatibu kisukari, presha, kiharusi na nguvu za kiume. Seli shina hai haikai kwenye pakiti ya unga mezani kwako. Hifadhi pesa yako.

Afrika yetu ilianza lini? Afrika Kusini na Misri zina historia ndefu ya upandikizaji, na Oman, jirani yetu wa bahari, ilianza miaka ya 1990. Kwa selimundu, Nigeria iliingia mwaka 2011, pale hospitali ya chuo kikuu ya Benin City ilipompandikiza mtoto wa kiume kwa uloto wa kaka yake. Kwetu Muhimbili ilianza mwishoni mwa 2021 na wagonjwa wa mayeloma, wale wanaorudishiwa seli shina zao. Halafu Dodoma mwaka 2023, watoto wa selimundu, uloto wa ndugu zao wa tumbo moja.

Lazima niseme, Dodoma haikuanguka kutoka mbinguni. Tangu 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walikuwa Muhimbili wakiwaandikisha wagonjwa wa selimundu, maelfu yao, wakiwafuatilia mwaka hadi mwaka. Kazi isiyo na picha za magazetini. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka kwa makadirio yanayotajwa sana. Hakuna hospitali duniani itakayowapandikiza wote hao. Ndiyo maana siku mtu atakapokuambia tiba imepatikana, muulize pia kuhusu kupima watoto wanapozaliwa, penisilini, chanjo, na haidroksiyurea, kidonge ambacho utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2018, uliofanyika Angola, Kongo, Kilifi kule Kenya na Mbale kule Uganda, ulionyesha kinapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wetu. Kidonge hicho hakiponyi. Kinamfikisha mtoto salama kwenye umri wa kusubiri kitu kingine.

Sasa ile hesabu. Ndugu mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana na mgonjwa. Lakini wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, ndugu huyo naye ana nafasi moja katika nne ya kuwa mgonjwa, na mambo haya mawili yanarithiwa kila moja kivyake. Ukizidisha, ndugu mmoja anayefaa anapatikana kwa asilimia 19 hivi. Ndugu mmoja tu, matumaini ni haba. Ukiwa na ndugu wanne, nafasi ya kumpata angalau mmoja anayefaa inapanda hadi asilimia 56. Familia ya Kimarekani yenye watoto wawili haina hesabu hiyo. Familia ya Tabora yenye watoto watano inayo. Hili ni eneo moja la udaktari ambapo utajiri uko kwetu, tatizo ni kwamba tuna vitanda vichache vya kuutumia.

Kuna waliobaki nje ya hesabu, mtoto wa pekee, au wale ambao ndugu wote wamepimwa na hakuna. Kwa hao kuna njia mbili mpya. Ya kwanza ni kurekebisha kinasaba ndani ya seli shina za mgonjwa mwenyewe, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Moja ya dawa hizo ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Sitasema zaidi, mwenye calculator afanye mwenyewe. Ya pili ni mchangiaji wa nusu, yaani mzazi. Baba na mama kila mmoja amelingana na mtoto wake nusu kwa nusu, na kwa kutoa dawa fulani ya zamani ya saratani siku chache baada ya upandikizaji, zile chembe zinazotaka vita hupunguzwa makali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025 uliwahusu watu wazima 42 wenye selimundu kali waliopandikizwa hivyo, na baada ya miaka miwili asilimia 95 walikuwa hai. Ubebaji wa mzazi si kikwazo, kama ambavyo haukuwa kikwazo kwa yule mdogo mtu wa Memphis.

Kama una ndugu au jirani aliyepitia chumba kile cha Dodoma, au aliyepelekwa India kwa tiba hii, niandikie. Nataka sana kusikia ilikuwaje zile wiki za kungoja kuona kama uloto umeshika.